Biblia ya Buluu Iliyozikwa Kaloleni

Naomi Dzoro hamuuzii mtu Biblia kabla hajajua nani ataisoma. Ukifika dukani kwake, kile chumba kimoja cha chini katika nyumba ya Bi Mahfudha, kichochoro cha pili ukitoka Ndia Kuu kuelekea Ngome ya Yesu, usije ukamwambia, "Nipe Biblia nzuri." Atakutazama kuanzia viatuni hadi utosini.

"Nzuri kwa nani?" atakuuliza. "Kwani duka la viatu ukiingia wasema nipe kiatu kizuri, basi?"

Halafu maswali yaanze. Msomaji ana miaka mingapi? Atasoma saa ngapi, kwa taa gani? Mikono yake ina nguvu? Mzee hapewi lile buku zito akalilaza kifuani kama jiwe la kusagia. Anapewa ya maandishi makubwa iliyogawanywa vitabu viwili, akiinue kimoja kwa mkono mmoja. Askari wa lindo anapewa ndogo ya kuingia mfuko wa koti. Mwenye ndugu gerezani, ya jalada laini, maana jalada gumu hurudishwa getini. Aliyeokoka juzi hapewi Kiswahili cha zamani akakwama ukurasa wa tatu, kesho yuko baa. Bibi harusi mmoja aliyetaka nyeupe yenye nakshi za dhahabu aliulizwa mbele ya mama mkwe wake, "Utaifungua, au utapiga nayo picha?" Na wahubiri wanaotaka yenye zipu, kubwa kama begi la fundi bomba, anawaambia tu, "Hiyo ni ya kubebwa," kisha anawauzia.

Mtoto wa miaka mitatu, ya picha, yenye kurasa ngumu asizoweza kuzila. Miaka sita, ya hadithi. Akifika minane au tisa na anasoma mwenyewe, Naomi humpa ile ndogo ya buluu, kamili, yenye maandishi madogo. "Mtoto ana macho," husema. "Asipoyatumia sasa atayatumia lini?"

Na kipimo chake kikubwa ni mlango. Msomaji husimamishwa kizingitini, kwenye mwanga, asome kwa sauti, na Naomi hatazami kitabu, anatazama mkono. Mtoto hukunja kiwiko mpaka kitabu kikakaribia pua. Ukipita miaka arubaini, kiwiko kinaanza kukunjuka. Ukifika themanini mkono umenyooka kama fimbo na kichwa kimeegemea nyuma. Hilo halijapata kumdanganya. Akishauza, huandika jina la mwenye kitabu ukurasa wa kwanza kwa kalamu ya kijani, kwa ule mwandiko wa darasa la nane la zamani, uliosimama wima kama wanafunzi gwaride.

Mwenyewe ametoka bara ya Kaloleni. Aliletwa mjini na shangazi yake, akafanya kazi ya nyumba kwa mamake Bi Mahfudha miaka sita, kisha akauza Biblia kwa mkoba, kanisa hadi kanisa, mpaka bega moja likawa chini kuliko jingine. Mama yule alipofariki, Bi Mahfudha akamwita akampa chumba cha chini. Majirani wakanong'ona: Biblia, hapa Mji wa Kale, mlangoni mwa Mwislamu? Bi Mahfudha, ambaye hukaa barazani akishona kofia za mkono tangu asubuhi, aliwajibu bila kuinua macho. "Yeye auza maneno ya Mungu. Nyinyi mwagawa maneno ya watu, tena bure."

Basi ilikuwa mwezi wa pili mwaka huu, jua la saa tano limepiga kichochoroni, ndipo akaja Kiti.

Naomi alimjua kwa sura, karani wa bohari bandarini, mkazi wa Tudor, mtu wa kwao Kaloleni. Alikuwa amekonda. Kola ya shati ilikuwa imemwacha shingo.

"Nataka ya maandishi makubwa, mama."

"Ya nani?"

"Mtu wa nyumbani. Macho yamechoka."

"Ana miaka mingapi?"

Kiti akatazama sakafu. "Macho yake ni ya miaka themanini."

Lile halikuwa jibu, na Naomi alilisikia kwamba si jibu. Siku nyingine angemfukuza akamlete msomaji. Lakini mtu alikuwa amesimama na macho mekundu kama aliyepuliza moto wa kuni mbichi, na Naomi akalegea. Akampa ya maandishi makubwa, vitabu viwili. Hata jina hakuandika, maana Kiti alisema, "Wacha tu."

Baada ya siku nne akairudisha.

"Anasema ni ndogo."

"Ndogo? Hizo herufi hata mbuzi anazisoma."

"Anasema ni ndogo, mama."

Naomi akampa iliyo kubwa zaidi, ile ya kuwekwa mimbarini. Alipobaki peke yake akaikung'uta iliyorudi airudishe rafuni, kikadondoka kitu mezani. Udongo. Akaufikicha kwa vidole. Mombasa kisiwani udongo ni mweupe, vumbi la matumbawe. Huu ulikuwa mwekundu, mbichi, wa kunata, na ulinuka kama shamba lililolimwa asubuhi. Akafungua kurasa. Ulikuwa katikati, kwenye mshono, mahali ambapo hata mtu akikusudia kuutia atapata shida.

"Bi Mahfudha," akaita, "mtu akitoka Tudor kuja hapa apita wapi penye udongo mwekundu?"

"Hapana," akajibu Bi Mahfudha na sindano mdomoni. "Labda apitie kwenu."

Ya pili ikarudi baada ya siku tatu. Ndogo, anasema. Safari hii udongo ulikuwa mwingi zaidi, na pembeni mwa ukurasa mmoja, katika kitabu cha kwanza kabisa, kulikuwa na alama ya ukucha iliyobonyea. Naomi akasoma pale. Ilikuwa hadithi ya yule kijana aliyechukiwa na kaka zake, pale wanapomvua kanzu na kumtupa shimoni, kisha wao wakaketi kula. Ukucha ulikuwa umesimama hapo hapo. Kurasa zilizofuata hazikuwa zimeguswa.

Akaweka kile kitabu nyuma ya kabati, asikiweke pamoja na vingine, na asijiulize kwa nini.

Mara ya tatu Kiti alipotokea, Naomi alikuwa amekwisha kujipanga mlangoni, mikono kiunoni.

"Sikupi kitu. Kwanza nimuone msomaji. Umenifanya nivunje kanuni yangu mara mbili, na mara zote mbili nimeuza upuuzi. Ni nani huyo?"

Kiti akageuka. Nyuma yake, ameshika ukingo wa shati lake, alikuwa msichana wa miaka tisa, sare ya shule, nywele zimesukwa na mtu asiyejua kusuka.

"Huyu," akasema Kiti. "Mwanangu Sheryl."

Naomi akamkumbuka yule mtoto. Aliwahi kuja dukani mwaka jana na mamake, anaruka kwa mguu mmoja kutoka kigae hadi kigae. Leo alitembea akipapasa ukuta.

"Shikamoo," akasema mtoto, akitazama pembeni kidogo ya mahali Naomi aliposimama.

"Marahaba, mwanangu. Hebu simama hapa mlangoni unisomee."

Akampa ile ya mimbarini. Mtoto akaipokea, na bila kuambiwa akanyoosha mkono. Akaunyoosha wote. Kichwa kikaegemea nyuma, kidevu juu, midomo ikajikunja ndani kama ya asiye na meno. Naomi ameona mkono ule mara elfu, kwa vikongwe. Hajauona kwa mtoto.

"Wasomaje?" akauliza polepole.

"Sioni. Isogeze mbele."

Naomi akaichukua, akarudi hatua moja. Bado. Hatua mbili. Bi Mahfudha akaweka kofia chini, akaja akaipokea, akaenda nayo hadi ukuta wa pili wa kichochoro, akaishika wazi kifuani.

"Na sasa, mwanangu?"

Mtoto akakunja macho. "Sasa naona," akasema. "Naona mchanga. Herufi ziko chini yake."

Bi Mahfudha akaifunga Biblia taratibu, kama afungaye mlango wa chumba chenye mgonjwa, akarudi barazani, akamkalisha mtoto kando yake.

"Nitilie uzi, mjukuu wangu. Mie nimezeeka."

Mtoto akachukua sindano. Akajaribu mara tano, uzi ukapita hewani, mbali kabisa na tundu. Bi Mahfudha akamtazama Naomi, akatikisa kichwa.

"Hospitali?" Naomi akamuuliza Kiti.

"Mara tatu. Wanasema macho ni mazima. Wanasema labda anaigiza, mamake yuko Uarabuni kazini, labda anamtaka mamake. Shuleni ameondolewa darasani. Na kila nikimletea kubwa zaidi, anaona kidogo zaidi. Mwezi jana alikuwa anauona ubao. Juzi hakuniona mimi, mama. Nilisimama mlangoni, akaniuliza nani." Akageukia baraza. "Atapofuka. Mwanangu huyu atapofuka mikononi mwangu."

"Ilianza lini?"

Kiti akageuza uso kichochoroni.

"Kiti! Mimi si mchungaji wako. Ilianza lini?"

"Tulipomzika mama."

Hapo ndipo yote yakatoka, kwa vipande vipande. Mamake Kiti aliletwa Tudor akiwa mgonjwa, akaishi nao mwaka mzima. Hakuwahi kusoma hata siku moja, wala hakujua kuandika jina lake. Kila siku saa kumi alasiri, Sheryl akitoka shule, alikaa sakafuni kando ya kitanda cha bibi yake akamsomea. Bibi akishatosheka husema neno lile lile moja: "Nimeshiba. Funga." Siku aliyokufa ilikuwa katikati ya kusoma. Hakusema nimeshiba. Wakampeleka Kaloleni, wakamzika kwao, na kwa kuwa walikuta Biblia chini ya mto wake, wakamtilia kifuani ndani ya jeneza.

"Maana ilikuwa yake," akasema Kiti. "Jina lake lilikuwa limeandikwa ndani."

Naomi akamsogelea. "Biblia gani?"

"Ndogo. Ya buluu."

"Mwanamke wa miaka themanini asiyejua kusoma, Biblia ndogo ya buluu?"

Kiti akamtazama mtoto barazani.

"Hiyo ni ya mtoto!" Naomi akasema. "Niliiuza mimi, Jumamosi ya Pasaka mwaka jana, watu wamejaa hadi barazani. Nikamuuliza mtoto jina nani, naye akanitajia…"

"Sidi," akasema mtoto kutoka barazani, sauti ndogo. "Kanisani mimi ni Sheryl. Nyumbani mimi ni Sidi. Jina la bibi."

Kwa Wagiriama nani asiyejua hilo? Binti wa kwanza hubeba jina la mama wa babake. Nyumba moja, Sidi wawili, mmoja anakwenda, mmoja anakuja. Na Naomi, Mgiriama mwenyewe, kwa sababu ya foleni na joto, aliandika neno moja tu kwa kalamu ya kijani. Hakuandika binti wa nani. Hakuandika yupi. Waombolezaji wakafungua ukurasa wa kwanza, wakasoma, wakaridhika. Wakamzika kikongwe na kitabu cha mtoto, chenye jina linalomtosha.

"Basi anakisoma," Bi Mahfudha akasema, kama mtu anayetaja bei ya sukari. "Na hana macho ya kukisomea. Kwa hivyo ameazima."

"Bi Mahfudha!"

"Nini? Wataka nikudanganye?" Akamgeukia mtoto, akamshika kidevu. "Mwanangu, bibi yako huja?"

"Haji. Yuko kule. Huwa ananiuliza tu."

"Akuuliza nini?"

"Kama yule kijana ametolewa shimoni."

Naomi akakumbuka alama ya ukucha. Miezi minne yule kikongwe amelala chini ya udongo mwekundu, kitabu kifuani, hajui kilichotokea baada ya wale kaka kuketi kula; na mjukuu hakuweza kumaliza kusoma, kwa kuwa kitabu chake kiliondoka, na macho yakakifuata. Halafu yeye Naomi Dzoro, fundi wa kuchagua, akampa mtoto Biblia za wazee, moja baada ya nyingine, kubwa, kubwa zaidi. Kila kitabu kilikuwa kinamsogeza mtoto upande wa pili.

Akaingia ndani. Kiti akadhani anafuata ile kubwa kuliko zote, akasema, "Mama, hata ikiwa ya kuagizwa…"

"Nyamaza." Akatoka na ndogo ya buluu.

"Hiyo? Mtoto haoni ukuta, utampa hiyo?"

"Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Basi nitampa ya miaka tisa. Nimekwisha kuwauzia wafu, inatosha."

Akaketi kizingitini, akafungua ukurasa wa kwanza, akatoa kalamu ya kijani. Akaandika polepole, akitamka kila neno: *Sidi Sheryl binti Kiti. Mjukuu. Yu hai. Hiki ni chake.*

"Soma hapo," akamwambia mtoto.

Mkono ukanyooka. Macho yakakunjika. Wakasubiri mpaka jasho likawatoka.

"Kuna kijani," mtoto akasema hatimaye. "Kuna… Sidi. Sidi Sheryl." Akakoma. "Kingine kimefunikwa."

"Inatosha," Naomi akasema, akainuka akifunga duka. "Saa kumi yakaribia. Twendeni Tudor."

"Nami naja," Bi Mahfudha akasema, akijitanda buibui. "Chenu sikisomi, lakini sitaki kuja kusimuliwa."

Wakajibana kwenye tuktuk moja, Kiti mbele na dereva. Nyumba ilikuwa orofa ya pili, dirisha likitazama maji ya kijito cha Tudor. Kitanda cha marehemu kilikuwa bado pembeni, cha kamba, kimetandikwa shuka la maua. Katikati yake palikuwa pamebonyea.

"Nani amelala hapa?" Naomi akauliza.

"Hakuna," akajibu Kiti. "Nimekaza kamba mara mbili. Kesho yake hubonyea tena."

Mtoto akaenda moja kwa moja, bila kupapasa, akakaa sakafuni mahali pake, mgongo ukiegemea ubao wa kitanda. Akafungua kitabu. Mkono ukanyooka hadi mwisho.

"Soma," Naomi akamwambia.

"Sioni, mama Naomi."

"Najua. Anza na kile ulichokiona."

"Sidi Sheryl," mtoto akasema. "Binti… binti Kiti. Mjukuu. Yu hai." Akavuta pumzi. "Hiki ni chake."

Akafunua. Naomi hakumwelekeza ukurasa. Vidole vyenyewe vilikwenda. Neno la kwanza lilitoka kama jino linalong'olewa. La pili vivyo hivyo. Kaka wamekaa kula. Msafara unakuja, ngamia, manukato. Kiti alikuwa ameufunika uso. Na Naomi, ambaye hakuondoa jicho kwenye ule mkono, akaona kiwiko kikilegea. Kidole kimoja tu cha nafasi. Kisha viwili.

Mtoto akafika pale wanapomvuta kijana na kumtoa shimoni. Akakoma, akainua kichwa kuelekea kitandani.

"Ametoka, bibi," akasema.

"Ametoka," Bi Mahfudha akaitikia kutoka mlangoni. "Na katika kitabu chetu pia alitoka, dada yangu. Usiwe na wasiwasi."

Akaendelea kusoma. Utumwa, gereza, ndoto, njaa. Jua likahama kutoka dirishani hadi ukutani. Kiwiko kikakunjika, kitabu kikasogea, sauti ikaanza kukimbia kama ya mtoto anayetaka kumaliza akacheze, akiruka nukta, akirudi, akiguna akikosea. Ukurasa ulipofika karibu na pua yake, kukasikika wazi kabisa, pale chumbani:

"Nimeshiba. Funga."

Mtoto akafunga.

Kiti akamtazama Naomi. Naomi akamtazama Bi Mahfudha, na Bi Mahfudha akatazama dirishani. Watu wazima watatu, na hakuna aliyetaka kuuliza ni nani aliyesema. Kamba za kitanda zikalia taratibu, zikanyooka, lile bonde la katikati likajaa, shuka likawa sawasawa kama lililopigwa pasi.

"Baba," mtoto akasema, "mbona shati lako lina doa?"

Kiti, mtu mzima, akalia hapo kwa sauti, na hakuna aliyemcheka.

Siku hizi ukimtajia Naomi jina moja atakusimamisha hapo hapo mezani. "La pili? Binti wa nani? Kuna mwingine nyumbani mwenye jina hili? Yu hai?" Wateja wananung'unika kwamba Biblia imekuwa na maswali kama pasipoti. Anawajibu waende wakanunue kwingine, na hawaendi.

Sheryl hupita Jumamosi na babake, akiruka kigae hadi kigae. Jumamosi iliyopita Bi Mahfudha alimwita barazani ampime.

"Nitilie uzi, mjukuu wangu."

Mtoto akauloweka kwa ulimi, akakunja kiwiko, akautia mara moja tu, bila hata kufumba jicho. Akampa, akaenda zake kichochoroni.

Bi Mahfudha akauvuta uzi upate urefu. Ulikuwa mweupe, wa kofia. Ulipopita kati ya vidole vyake aliusimamisha, akamwonyesha Naomi: pale mtoto aliposhika, uzi ulikuwa na wekundu kidogo wa udongo, mbichi, wa kunata.

Naomi akachukua mkasi, akaukata pale, akaenda kumnawisha mtoto mikono.